Vitabu Viwili vya Gogo Moja

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Moshi)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo hutajwa zaidi mbele ya wenye maduka, lakini hapana mali inayoihitaji kuliko msitu. Mwenye duka asiyeandika hupoteza bidhaa za mwaka mmoja, na mwaka unaofuata aweza kuanza upya. Taifa lisiloandika habari za msitu wake hupoteza miti iliyoanza kuota kabla ya babu wa wananchi wa leo kuzaliwa, wala hapana mwaka utakaoirudisha.

Mazungumzo haya yanahusu biashara ya mbao ngumu baina ya mataifa, jinsi ilivyokwenda kwa miaka mingi, na mahali pa Tanzania katika biashara hiyo. Mbao ngumu ni zile zitokazo katika miti ya majani mapana kama mninga, mkongo, mvule, mkulo na mpingo. Mbao laini ni za misonobari na miti ya jamii yake, ambayo hupandwa kwa safu mashambani na kukua upesi. Tofauti hiyo si ya jina tu. Anayepanda msonobari akiwa kijana aweza kuuvuna mwenyewe kabla ya kuzeeka. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100, na pengine zaidi, kufikia unene wa kuuzwa. Anayeukata leo hutumia akiba ambayo hakuiweka yeye, na ambayo mwanawe hataikuta.

Mji wa Moshi una sababu zake za kulizungumza jambo hili. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na tangu wakati huo mazao ya mlimani yamekuwa na njia ya kwenda pwani na ng'ambo. Tangu mwaka 1975 upo hapa Chuo cha Viwanda vya Misitu, ambacho hufundisha vijana kupasua mbao na kutunza misumeno ya viwandani. Pembezoni mwa mji umo Msitu wa Rau, wenye mivule mikubwa ambayo watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Na juu ya yote hayo umesimama msitu wa Kilimanjaro. Msitu, msumeno, reli na shule vimekaa pamoja. Kwa hiyo maswali ya biashara ya mbao si ya kigeni kwa mtu wa Moshi.

DAFTARI NA KISIKI

Msitu wa Kilimanjaro umekuwa chini ya sheria kwa muda mrefu. Utawala wa Kijerumani uliutenga pamoja na mlima kuwa hifadhi ya wanyama mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 utawala wa Kiingereza uliutangaza kuwa hifadhi ya msitu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, ili wananchi wa vihambani wapate humo kuni na mbao bila kuingia ndani. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 kwa sehemu iliyo juu ya miti, na mwaka 2005 msitu wenyewe ukaunganishwa na hifadhi hiyo.

Katika msitu huo mti uliotafutwa sana na wapasuaji ni mkulo. Mbao zake hunukia kafuri, haziliwi upesi na wadudu, na hufaa kwa milango na makabati. Wapasuaji walichimba shimo, wakaliweka gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavuta msumeno mpaka gogo likawa mbao. Kazi hiyo haikuhitaji kiwanda wala barabara. Mbao zilishushwa mabegani usiku, na asubuhi zilikuwa mjini.

Katika miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti ya asili mlimani. Tangu hapo mtu aliyesoma daftari peke yake angeamini kwamba mkulo umepumzika, kwa kuwa hapakuwa na leseni, mrabaha wala mbao halali. Lakini mwaka 2001 wataalamu walipanda ndege wakauzunguka mlima, wakahesabu yale yaliyoonekana kutoka angani. Walikuta maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, mingi kati ya hiyo ikiwa mikulo. Walikuta pia tanuri za mkaa na mashamba ndani ya msitu. Daftari liliandika sifuri, na mlima uliandika maelfu.

Ieleweke pia kwamba hasara ya mkulo haiishii kwenye bei ya mbao. Sehemu kubwa kabisa ya maji yashukayo Kilimanjaro hutoka katika ukanda wa msitu, si katika theluji ya kileleni kama wengi wanavyodhani. Maji hayo hujaza mifereji ya vihambani, humwagilia mpunga wa Lower Moshi, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuteremka na Mto Pangani mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mnunuzi wa ubao wa mkulo halipii maji hayo. Mkulima wa bondeni ndiye hulipa, kwa mfereji uliokauka.

HESABU YA GOGO

Kabla ya kuyalinganisha mataifa, hapana budi kufahamu jinsi gogo linavyopimwa, kwa kuwa hapo ndipo mali huanza kupotea. Jambo hili mwalimu aweza kulifundisha ubaoni katika kipindi kimoja.

Achukue gogo la mninga lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 40. Ujazo wake ni eneo la duara mara urefu, yaani takribani mita za ujazo 0.377. Sasa achukulie kwamba aliyepima ameandika kipenyo cha sentimita 30 badala ya 40. Ujazo unaoandikwa utakuwa 0.212. Kipenyo kimepunguzwa kwa robo tu, lakini karibu nusu ya gogo imetoweka kitabuni. Sababu ni kwamba kipenyo huzidishwa kwa kipenyo, na kosa nalo huzidishwa kwa kosa. Katika magogo 100 ya namna hiyo, mita za ujazo zaidi ya 16 husafiri bila kulipiwa mrabaha. Wala aliyeandika hakuhitaji kuficha hata gogo moja. Magogo yote 100 yalipita mchana, yamegongwa nyundo na yana hati ya kusafirishia.

Njia ya pili ni uzito. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa takribani kilo 1,200. Ndiyo maana kipande chake hakielei majini. Mita moja ya ujazo ya msonobari mkavu ina takribani kilo 500. Shehena ya tani 20 ikiwa ni ya mpingo ni karibu mita za ujazo 17, na ikiwa ni ya msonobari ni mita za ujazo 40. Karani anayegeuza tani kuwa mita bila kuuliza ni mti gani hukosea kwa zaidi ya mara mbili, hata akiwa mtu mwaminifu.

Njia ya tatu ni jina. Katika orodha ya forodha inayotumiwa na mataifa karibu yote, magogo huingia fungu la 4403 na mbao zilizopasuliwa fungu la 4407. Ndani ya mafungu hayo miti michache tu ina mahali pake. Mingine yote huandikwa chini ya neno moja: nyinginezo. Mti wenye thamani kubwa na mti wa bei ya chini hulala katika mstari mmoja, na msomaji wa takwimu hana njia ya kuwatenganisha mtu na jirani yake.

VITABU VIWILI

Kila shehena ya mbao inayovuka mpaka huandikwa mara mbili. Nchi inayouza huiandika inapotoka, na nchi inayonunua huiandika inapoingia. Basi gogo moja lina vitabu viwili, na mtu yeyote mwenye subira aweza kuvilinganisha.

Vitabu hivyo havilingani kabisa hata pale ambapo hapana ujanja. Meli iliyoondoka Desemba hufika Februari, na hivyo mwaka wa muuzaji si mwaka wa mnunuzi. Muuzaji huandika bei ya bandarini kwake, na mnunuzi huongeza nauli na bima. Shehena iliyopitia bandari ya nchi ya tatu huweza kuandikwa kuwa ni mali ya nchi hiyo. Tofauti za namna hiyo ni za kawaida, na haifai kumtuhumu mtu kwa ajili yake. Lakini kuna tofauti ambazo tarehe na nauli haziwezi kuzieleza.

Mfano wa Tanzania unafahamika. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa katika Mto Rufiji, na misitu ya kusini ikawa karibu na Dar es Salaam kuliko ilivyopata kuwa. Wakati huo huo mahitaji ya China yalikuwa yakiongezeka. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nchi za nje. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti juu ya biashara hiyo ya kusini. Ripoti ilionyesha kwamba mbao ngumu ambazo China iliandika kuzipokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza huko. Hasara ya mapato ya umma kwa mrabaha usiokusanywa ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 58 kwa mwaka.

Mara kumi si kosa la kalamu. Maana yake ni kwamba katika kila magogo kumi yaliyopokelewa upande wa pili wa bahari, tisa hayakuwa na habari nyumbani kwao. Na fedha hizo hazikuchukuliwa na mgeni peke yake. Gogo halivuki mto, kizuizi na bandari bila mikono ya wenyeji kulisukuma.

MATAIFA YALIYOTANGULIA

Tanzania si ya kwanza kufika katika njia panda hiyo. Yako mataifa yaliyotangulia, na habari zake zinafundisha.

Ufilipino katika miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa magogo ya nchi za joto duniani, na mnunuzi wake mkuu alikuwa Japani. Japani iliyageuza magogo kuwa mbao za tabaka na kuuza kwingine. Kizazi kimoja hakikupita kabla Ufilipino haijaanza kununua mbao kutoka nje. Ivory Coast ilikuwa mwuzaji mkubwa wa magogo barani Afrika katika miaka ya 1970. Msitu wake, uliokadiriwa kuwa hekta milioni 16 mwanzoni mwa karne ya 20, sasa umebaki chini ya hekta milioni 3. Kakao ilichukua mahali pengi, lakini barabara ya kwanza kuingia msituni ilikuwa ya magari ya magogo.

Indonesia ilichukua njia nyingine. Iliona kwamba faida iko katika kiwanda, na mwaka 1985 ikakataza magogo kutoka nchini. Katika muda mfupi ikawa mwuzaji mkubwa wa mbao za tabaka duniani. Fedha na kazi zilibaki nyumbani, lakini viwanda viliongezeka kuliko uwezo wa msitu kuvilisha, na msitu ukaendelea kupungua. Gabon ilipiga marufuku magogo kusafirishwa mwaka 2010 na kujenga eneo la viwanda la Nkok, karibu na Libreville. Msumbiji ilifanya hivyo mwaka 2017. Somo la mataifa hayo ni kwamba marufuku ya magogo yafaa, lakini ni nusu ya dawa. Kiwanda kisichojua msitu unakua kiasi gani kwa mwaka ni tumbo lisilojua kiasi cha chakula ghalani.

Kuna somo jingine, nalo lahusu majirani. Mwezi Novemba 1988 mafuriko makubwa yaliua watu kusini mwa Thailand, na magogo yaliteremka na maji juu ya vijiji. Januari 1989 Thailand ilisimamisha ukataji katika misitu yake ya asili. Makampuni yake yakavuka mpaka na kuanza kukata katika nchi ya Burma. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika nchini China, na serikali ikazuia ukataji katika misitu mingi ya asili. Viwanda vya China havikufungwa. Vilianza kutafuta magogo nje, na China ikawa mnunuzi mkubwa wa magogo kuliko nchi zote. Shoka lililokatazwa Yangtze lilisikika Rufiji miaka michache baadaye.

Hapa Afrika Mashariki jambo hilo limeonekana pia. Mwezi Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ilidumu miaka kadhaa. Nyumba ziliendelea kujengwa Nairobi. Mbao laini zilitafutwa Tanzania, na mbao ngumu za Kongo ziliendelea kupita Uganda kuelekea Kenya. Nchi inayofunga msitu wake bila kupunguza matumizi yake huhamisha kisiki kwa jirani. Kwa kulitambua hilo, Septemba 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia sahihi Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao, zikakubaliana kushirikiana na kupashana habari. Kupashana habari ndiko kuvikutanisha vitabu viwili kabla meli haijaondoka, badala ya miaka miwili baadaye katika ripoti ya wageni.

Na Marekani je? Nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbao ngumu zilizopasuliwa, nayo iliharibu sana misitu yake katika karne ya 19. Lakini mwaka 1928 ilitunga sheria ya kuipima misitu yote ya nchi, na upimaji huo unaendelea mpaka sasa. Ujazo wa miti ya mbao ngumu iliyosimama huko umezidi mara mbili ya ule wa mwaka 1953, ijapokuwa biashara haikukoma. Hali ya hewa ni tofauti, utajiri ni tofauti, na mashamba mengi yaliyoachwa yalirudi kuwa msitu yenyewe. Hata hivyo jambo moja laweza kuigwa na nchi maskini: kujua kilichopo kabla ya kuuza.

Tanzania nayo imeanza. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ulifanyika upimaji wa misitu yote ya Tanzania Bara kwa ushirikiano na Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ilionekana kwamba misitu na mapori ya miti ni hekta milioni 48.1. Ilionekana pia kwamba miti inayotumiwa kwa mwaka inazidi ile inayoruhusiwa kuvunwa kwa mita za ujazo milioni 19.5. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni kuni na mkaa, si mbao za ng'ambo. Basi si haki kumtupia mnunuzi wa nje lawama yote, wakati jiko la mkaa linawaka nyumbani.

MPINGO NA KAHAWA

Mpingo wastahili kutajwa peke yake. Ni mti wa nyika, mfupi, uliopinda, ambao mpita njia haudhanii kitu. Kiini chake cheusi ndicho hutengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, na ndicho huchongwa na Wamakonde. Mti huo una mashimo na nyufa nyingi, na katika gogo linalopasuliwa kwa ajili ya ala za muziki, sehemu inayofaa huwa chini ya moja ya kumi. Thamani karibu yote huongezwa baada ya mti kuondoka kijijini: kwanza kiwandani, kisha baharini, kisha katika karakana za Ufaransa na Ujerumani.

Mkoa wa Kilimanjaro una historia njema katika habari za mti huo. Marehemu Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mhifadhi na mtaalamu wa mimea, mzaliwa wa mkoa huu. Tangu miaka ya 1990 aliwahamasisha wanafunzi, walimu na vikundi vya wananchi kuotesha miche ya mpingo na kuipanda. Wako watu waliomwona kama mtu anayepanda kivuli cha wajukuu wa watu wengine. Naam, hivyo ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu kazi hiyo inafaa kufanywa na shule. Shule haifi mwalimu anapostaafu. Kitabu cha miti ya shule, kikiandikwa kila mwaka, chaweza kuwa na umri sawa na mpingo.

Wilayani Kilwa vijiji vimeonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora wa msitu. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chenye msitu wake uliotangazwa hukusanya mrabaha chenyewe. Wananchi walipima miti yao, wakaamua ni mingapi itakatwa, wakaandika kila gogo. Mti ambao awali ulimpatia mwanakijiji ujira mdogo wa kukata na kubeba ukaanza kukiingizia kijiji fedha zinazoonekana. Mnunuzi alikuwa yule yule, na msumeno ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani anashika daftari.

Hapa Moshi jambo hilo halihitaji maelezo marefu, kwa sababu kahawa ilikwisha kulifundisha. Wakulima wa vihambani waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Kabla ya hapo mkulima mmoja mmoja aliuza kwa bei aliyotajiwa. Baadaye kahawa ilipimwa, ikapangwa kwa madaraja, na kwa miaka mingi ikauzwa kwa mnada hapa Moshi, bei ikitajwa mbele ya wote. Vyama vya ushirika vilikuwa na matatizo yake, na wakulima wanayajua. Lakini hapana mkulima ambaye angekubali leo kahawa yake iandikwe "nyinginezo", na uzito wake upunguzwe kwa robo. Kwa nini basi likubaliwe kwa mninga?

WAJIBU

Dunia imeanza kuandika majina ya miti. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamii yake iko chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilipunguziwa masharti. Mwaka 2022 mninga na mkongo wa Afrika viliongezwa katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba shehena ya miti hiyo inahitaji kibali chenye jina lake, na nchi inayotoa kibali inapaswa kuthibitisha kwamba mavuno hayaudhuru msitu. Hapo ndipo kazi ya mtumishi wa ofisi na kazi ya msitu zinapokutana.

Kwa hiyo biashara ya mbao ngumu haiamuliwi Shanghai, Hamburg au Tokyo peke yake. Huamuliwa pia kwenye kizuizi cha barabarani saa nane za usiku, mtumishi mmoja anapoinua taa na kulitazama lori. Ana futi ya kupimia, ana kitabu, na ana mshahara ambao haumtoshi. Mwenye lori ana haraka na ana bahasha. Ni sentimita kumi tu zinazoombwa. Mtumishi yule aweza kudhani kwamba sentimita kumi hazimwumizi mtu. Kama alifundishwa vema hesabu ya duara, anajua kwamba ameombwa karibu nusu ya gogo. Na mwajiri wake naye ajue kwamba mtu anayelinda mali ya mamilioni bila usafiri, bila posho na bila mwenzake wa zamu amewekwa mahali pa majaribu.

Wajibu wa mtumishi wa umma, basi, ni kuandika kilichopo: jina la mti, kipenyo, urefu, mahali ulipotoka na mahali unapokwenda. Wajibu wa mwalimu ni kuhakikisha kwamba kijana anayetoka darasani aweza kulipima gogo, kuusoma mstari wa takwimu, na kuuliza kwa nini mistari miwili hailingani. Mambo hayo hayahitaji fedha za kigeni.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika uko katika bonde moja mlimani Kilimanjaro. Una kimo cha mita 81.5, na umri wake ulikadiriwa kuwa mamia ya miaka. Wananchi wa karibu walikuwa wakiuona maisha yao yote. Dunia iliufahamu siku ulipopimwa. Ulisalia kwa sababu umesimama katika korongo ambalo wapasuaji hawakulifikia kwa urahisi. Miti mingine ya nchi hii haina korongo la kuilinda. Ina kitabu tu, na mkono wa yule anayekiandika.